Karanga mbovu huenda wapi?

Punje moja ya karanga ina uzito wa karibu nusu gramu. Ikishambuliwa vibaya na kuvu, punje hiyo inaweza kubeba sumu inayofikia sehemu milioni moja kwa bilioni. Wanasayansi waliopima karanga punje kwa punje walikwisha kuona kiwango hicho tangu miaka ya 1960. Piga hesabu. Ndani ya nusu gramu ile mna maikrogramu 500 za sumu. Isage pamoja na kilo 10 za karanga safi, na kila kilo itatoka na maikrogramu 50, wakati kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo. Idumbukize kwenye gunia la kilo 50 na gunia zima limefika kikomoni. Ikiwamo ya pili, gunia hilo halifai kuuzwa, ingawa mnunuzi anayechota kiganja na kutafuna pale sokoni anaweza asikutane na hata moja ya hizo mbili.

Hesabu hiyo ndiyo inayowatesa wapimaji. Sampuli mbili zilizotoka gunia moja zinaweza kutoa majibu mawili yasiyofanana, na wala maabara haikukosea. Ndiyo maana wakaguzi wa Ulaya, shehena ya karanga ikiwa kubwa, huchota mara 100 kutoka sehemu tofauti hadi wapate kilo 20, wakazisaga zote na kuzichanganya ndipo wapime. Hesabu hiyohiyo inatuambia pia kwamba kuchambua, kazi ile ya ungo inayofanywa na kina mama kwenye mabaraza ya maduka ya jumla, ni kinga kubwa kuliko inavyoheshimiwa. Ukiondoa punje chache, umeondoa karibu sumu yote.

Tatizo ni kwamba sumu iliyoondolewa haijapotea. Imekusanyika kwenye rundo dogo pembeni mwa ungo: punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizoanza kuota. Rundo hilo lina wateja wake na lina bei yake, na makala haya yanalifuata.

Kwanza tuone rundo lenyewe linatokana na nini. Mkaranga ni mmea wa ajabu kidogo. Ua lake huchanua juu ya ardhi. Likishachavushwa, kijiti chembamba huteremka na kujichimbia chini, na ganda hukulia humo udongoni. Kuvu inayotengeneza sumu tunayoizungumzia, yaani sumukuvu, ni Aspergillus flavus, na makazi yake ni udongo huohuo. Karanga basi huzaliwa nyumbani kwa adui yake. Mvua ikiwa ya kutosha hakuna neno, kwa kuwa punje mbichi ina kemikali zake za kujikinga. Hatari huja katika wiki tatu hadi sita za mwisho kabla ya kuvuna. Mvua ikikatika wakati huo, udongo ukafikia joto la nyuzi 26 hadi 31, punje hupungukiwa maji, na kinga yake hukauka pamoja nayo. Maganda hupasuka, mchwa hutoboa yaliyobaki, na kuvu huingia bila kubisha hodi.

Ukame wa mwisho wa msimu ni jambo la kawaida katika kanda ya kati ya Tanzania. Waingereza waliujua kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 walianzisha Kongwa mradi mkubwa wa karanga, wakilenga zaidi ya ekari milioni tatu kwa jumla, ili kuondoa upungufu wa mafuta ya kula kwao baada ya vita. Mvua haikufuata ratiba ya London, udongo wa mfinyanzi wa Kongwa ukakauka na kuwa mgumu kiasi cha kugomea mashine za kuvunia, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Mkulima wa Kongwa anayelima karanga leo analima katika udongo uleule na chini ya anga ileile, ila yeye hana hazina ya kifalme ya kumfidia.

Akishavuna, mambo mengi zaidi huharibika, na hapa ndipo pa kukaa kidogo. Karanga zinatakiwa kukaushwa hadi punje ibaki na unyevu wa asilimia 7 au 8. Mmea ukishang'olewa hugeuzwa, mizizi na maganda yakatazama juu, yapigwe na jua na upepo badala ya kulala kwenye udongo. Wengi hufanya hivyo vizuri. Halafu inakuja kazi ya kumenya, na kazi hiyo mara nyingi huharibu yote yaliyotangulia. Kumenya gunia la karanga kavu kwa vidole ni adhabu. Ngozi huchubuka, kucha huuma, na kwa kawaida ni kina mama na watoto wanaofanya. Basi maganda hurashiwa maji usiku, au hulowekwa kabisa, ili asubuhi yalainike. Unyevu uliofukuzwa kwa siku kadhaa za jua unarudi ndani ya saa chache, kisha punje zilizolowa zinafungwa kwenye mfuko wa sandarusi usiopitisha hewa vizuri, unawekwa sakafuni kusubiri mnunuzi. Kuvu haiwezi kuomba mazingira mazuri kuliko hayo.

Wataalamu wa kilimo wamewahubiria wakulima kwa miaka wasirashie maji. Mahubiri hayasaidii vidole. Mashine ndogo ya kubangua karanga inayozungushwa kwa mkono, moja kwa kikundi cha jirani kadhaa, inamaliza sababu ya kurashia maji, nami naamini fedha iliyokwenda kwenye mashine za namna hiyo imefanya kazi kuliko iliyokwenda kwenye vipeperushi. Kuna ugumu mwingine ambao mashine haiutatui: karanga yenye unyevu ni nzito, na biashara yetu ni ya kupima kwa uzito au, mbaya zaidi, kwa debe lililofurika. Anayekausha vizuri anapunjika kwenye mizani.

Madhara ya sumukuvu kwa binadamu tunayafahamu zaidi kupitia mahindi, kwa sababu mahindi huliwa kwa wingi na kila siku. Mwaka 2004 watu 317 waliugua katika mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na 125 wakafa ini likiwa limeshindwa kazi. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, waliofariki 20, na chanzo kikawa mahindi waliyoyalima wenyewe na kuyahifadhi majumbani. Misiba hiyo iliandikwa magazetini. Isiyoandikwa ni ile ya polepole. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka sumu hii katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na ini ndilo linaloumia. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B anayekula sumukuvu kwa muda mrefu yuko kwenye hatari inayoweza kufikia mara 30 ya mtu anayeila bila kuwa na virusi hivyo. Watoto wetu sasa huchanjwa dhidi ya virusi hivyo. Watu wazima wengi hawakuwahi kuchanjwa, na wengi hawajui kama wanavyo.

Kuhusu watoto, utafiti uliofanywa Benin na Togo na kuchapishwa mwaka 2002 ulipima damu ya watoto 480 na kukuta alama za sumu hiyo kwa asilimia 99 yao. Waliokuwa wafupi na wepesi kuliko umri wao ndio waliokuwa na kiwango kikubwa zaidi. Majaribio yaliyofuata kwingineko hayakutoa jibu moja, na wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha udumavu kinatokana na sumu na kiasi gani kinatokana na umaskini unaoileta sumu mezani. Ubishi huo hauzuii kushangaa kuhusu jambo moja: mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoongoza kwa sumukuvu katika ukanda huu, nasi tunayasaga pamoja, tunayaita unga wa lishe, na kumpa mtoto aliyeanza kula.

Sumu yenyewe haikugunduliwa kwa sababu ya mtoto yeyote wa Afrika. Iligunduliwa kwa sababu ya bata mzinga. Mwaka 1960 zaidi ya 100,000 walikufa katika mashamba ya Uingereza kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Wachunguzi waliendelea kutafuta, na shehena iliyowasaidia kuitambua kuvu yenyewe ilikuwa ya karanga zenye sumu kali kutoka Uganda. Chini ya taa ya urujuanimno sumu hiyo iling'aa, nyingine bluu na nyingine kijani, na mpaka leo aina zake zinatambulishwa kwa herufi B na G kwa sababu ya rangi hizo. Iliyo kali kuliko zote ni B1.

Mashudu, kumbuka. Wale ndege hawakula karanga. Walikula kilichobaki baada ya karanga kukamuliwa mafuta. Miaka zaidi ya 60 baadaye njia hiyo iko wazi vilevile.

Turudi kwenye rundo letu. Utafiti ulioongozwa na Charity Mutegi wa Kenya katika Busia na Homa Bay, uliochapishwa mwaka 2009, ulipima sampuli 769 za karanga. Karibu asilimia 87 zilikuwa na maikrogramu 4 kwa kilo au pungufu, yaani zingeweza kuingia hata Ulaya, ambako kikomo ni hicho hicho 4. Lakini sampuli kama asilimia 7.5 zilizidi 20, na iliyokuwa mbaya kuliko zote ilifika 7,525. Nazipenda takwimu hizi kwa sababu zinafukuza hofu mbili za kipumbavu kwa mpigo: ya anayedhani karanga zote za Afrika ni sumu, na ya anayedhani habari za sumukuvu ni hila za wazungu za kutunyima soko. Karanga nyingi ni nzuri. Chache ni mbaya kupita kiasi. Swali lote ni hizo chache zinakwenda kwa nani.

Mfuate mfanyabiashara wa kati anayenunua magunia mashambani na kuleta mjini. Mnunuzi wake mkubwa, mwenye duka la kisasa au anayesafirisha nje, anataka punje zilizojaa, zenye rangi moja. Zinachambuliwa, daraja la kwanza linakwenda huko. Zilizobaki zina madaraja yake: kubwa kwa wakaangaji wa barabarani, ndogo na zilizovunjika kwa wasagaji. Anayesaga hahitaji punje nzuri, maana mashine haichagui sura. Karanga zilizosinyaa zikikaangwa hadi ziive rangi ya kahawia, zikatiwa chumvi na sukari, zinatoka siagi ya karanga yenye harufu tamu, au unga wa kutia kwenye kisamvu. Hakuna jicho wala ulimi unaoweza tena kujua kilichoingia. Moto wa kukaanga hupunguza sehemu ya sumu, hauimalizi. Na kile ambacho hata msagaji amekikataa hupelekwa kwa mkamuaji au kwa mwenye kuku.

Kwa maneno mengine, kazi nzuri ya kuchambua kwa ajili ya mnunuzi mwenye fedha inazidisha sumu kwenye karanga za asiye na fedha. Gunia lisilochambuliwa lingegawa sumu yake kwa walaji wote. Lililochambuliwa limeitenga, na kuiuza kwa bei nafuu.

Serikali zimejaribu kuibana bidhaa ya mwisho. Mwaka 2019 shirika la viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha chapa kadhaa za siagi ya karanga, na mwezi Novemba mwaka huohuo likasimamisha chapa tano za unga wa mahindi. Tanzania, mwaka huo pia, usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa kutoka mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, kwenda shirika la viwango, TBS. Hatua za kufungia chapa zina manufaa yake, hasa kwa wenye viwanda wanaoogopa jina lao kuchafuka. Msagaji wa mtaani asiye na chapa hana jina la kufungiwa, na kumfungia mwenye chapa si sawa na kumwuliza mzigo wake mbovu aliupeleka wapi baada ya wakaguzi kuondoka.

Marekani walilikabili swali hilo mapema. Tangu miaka ya 1960 karanga za mkulima wao hukaguliwa zinapofika kituo cha kununulia na kugawanywa katika mafungu matatu. Zikionekana zina kuvu hiyo kwa macho, zinaangukia fungu la tatu, na fungu hilo kwa kawaida haliingii kwenye chakula: njia yake ni kiwanda cha mafuta. Mkulima anapata bei ya chini, lakini anapata bei, kwa hiyo hana haja ya kuficha. Hata nafaka zilizoharibika zina ngazi zake za lishe ya mifugo. Ng'ombe wa nyama aliyekaribia kuchinjwa anaruhusiwa kulishwa chakula chenye hadi maikrogramu 300 kwa kilo, wakati wa maziwa haruhusiwi kuzidi 20, kwa sababu sumu hupita hadi kwenye maziwa. Huko Senegal, nchi ambayo uchumi wake ulijengwa juu ya karanga, viwanda viliamua kuyatibu mashudu kwa amonia ili Ulaya iyapokee. Nchi hizo mbili hazifanani kwa utajiri. Zinafanana kwa kuwa zilikubali kwamba karanga mbovu zitakuwapo kila mwaka, zikazitengenezea njia.

Sisi tumeweka nguvu zaidi shambani, na si vibaya. Dawa inayozungumzwa sana ni Aflasafe, iliyotokana na kazi ya taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, na wizara ya kilimo ya Marekani. Sayansi yake inafurahisha: ndani ya Aspergillus flavus kuna jamaa zisizotengeneza sumu. Zinachukuliwa hizo, zinapakwa kwenye punje za mtama uliouawa kwa joto ili usiote, na mkulima anamwaga kilo 4 kwa ekari wiki mbili au tatu kabla ya mimea kutoa maua. Kuvu wema wanatangulia kukalia udongo, wabaya wanakosa nafasi. Kenya iliiandikisha ya kwake mwaka 2015, Mutegi akiwa miongoni mwa waliosukuma kazi hiyo. Tanzania ikaandikisha Aflasafe TZ01 mwaka 2018. Ikitumiwa ipasavyo hupunguza sumu kwa zaidi ya asilimia 80. Shida ni kwamba mkulima hulipa leo kwa faida asiyoiona, kwa kuwa mnunuzi wake hapimi na bei haibadiliki. Asilimia 80 ikiondoka, 20 iliyobaki bado itaishia kwenye rundo lilelile.

Kuna sumu nyingine ambayo ungo hauifikii hata kidogo, nayo inastahili aya moja. Mkaranga hufyonza kadimiamu kutoka ardhini, hasa penye udongo wa tindikali, mbolea za fosfeti zenye metali hiyo nyingi, au maji yanayotoka migodini na kwenye viwanda. Hiyo haijikusanyi kwenye punje chache zenye sura mbaya. Imo ndani ya kila punje ya shamba zima, nzuri kwa macho, na mlaji anayeila kwa miaka huihifadhi kwenye figo zake kwa miongo. Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 0.2 kwa kilo ya karanga. Tiba yake ni kujua udongo kabla ya kupanda, na chokaa pale penye tindikali.

Jikoni, mtu hana maabara, lakini ana macho na moto. Nunua karanga nzima, si za kusagwa, na kama huna mashine peleka mwenyewe kwa msagaji na usubiri hapo. Chambua zikiwa mbichi: ondoa zilizosinyaa, zilizotoboka, zilizovunjika na zenye mche. Kisha zikaange kidogo tu, zifikiche, upepete ngozi nyekundu, uchambue tena. Mchambuo huu wa pili watu wengi huuruka, na ndio wenye manufaa zaidi, kwa sababu madoa ya kahawia na ya kijani yaliyokuwa yamefichwa na ngozi huonekana sasa kwenye punje nyeupe. Ukitafuna karanga ukakuta ni chungu, iteme. Uungwana wa kumeza kwa kuwa uko kwa watu haufai hapa. Na kile kiganja ulichokitoa kifukie au kichome. Usiwarushie kuku, maana kuku wachanga na bata ndio wepesi kudhurika, na mbuzi wa maziwa atakurudishia kwenye kikombe.

Kiganja cha nyumbani kinachomeka, ila tani za ghalani zina mwenyewe aliyezilipia, na hatazichoma. Mahali pake panajulikana: kiwanda kinachosafisha mafuta kikamilifu, kwa kuwa usafishaji huiondoa sumu kwenye mafuta, na mashudu yake yakatibiwa au yakageuzwa kuni. Mashine ndogo za kukamua zilizotapakaa Dodoma na Singida kwa ajili ya alizeti hazisafishi; zikipewa karanga mbovu, mafuta yanabaki na sehemu ya sumu na mashudu yanabeba kubwa zaidi hadi kwenye mabanda ya kuku. Viwanda vikubwa viko mbali, na gunia la karanga zilizosinyaa halilipi nauli ya kulifikisha huko. Ningependa kuona nauli hiyo, na bei ndogo ya kumtia moyo mwenye gunia, zikiandikwa katika bajeti ya kupambana na sumukuvu kabla ya semina inayofuata.